Tahadhari: Pakiti Moja, Lita Moja

Mvua zikikolea Mpanda, maji ya vyoo vya shimo huingia visimani. Kuhara hufuata. Wakazi wa Majengo, sikieni mapema.

Kuhara huua mtoto kwa kumkausha. Dawa yake ni ORS, unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji. Lakini ORS iliyokorogwa bila kipimo nayo inaweza kuua.

Sababu inaanzia kwenye seli za mwili.

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba unaopitisha maji, na maji hufuata chumvi. Chumvi ikizidi nje, maji hutoka, seli husinyaa. Ikipungua nje, maji huingia, seli huvimba. Seli hujitetea. Ikivimba, hutoa potasiamu na kloridi ili maji yatoke. Ikisinyaa, hukusanya chumvi ndani ili maji yarudi. Ubongo nao hujirekebisha hivyo, ila kuikamilisha kazi hiyo huchukua siku moja au mbili.

Mtoto anayehara sana hana siku mbili.

Chumvi ikizidi: pakiti ya lita moja ukiikoroga kwenye nusu lita, chumvi ni maradufu. Seli za ubongo husinyaa, vishipa vya damu huvutika, vinaweza kupasuka. Mtoto hulia kiu. Anaongezewa ORS ile ile.

Chumvi ikipungua: anayehara hupoteza maji na chumvi pamoja. Akinyweshwa maji matupu tu, saa baada ya saa, seli za ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilo na nafasi. Degedege huja. Si la mganga hilo. Ni la hospitali, sasa hivi.

Fanya haya.

Soma pakiti. Nyingi ni za lita moja: chupa mbili za maji za nusu lita, zikiwa zimejaa.

Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Mimina pakiti yote. Usiongeze chumvi, sukari wala soda.

Mpe kidogo kidogo kwa kijiko, na kila anapohara. Endelea kumnyonyesha. Yaliyobaki baada ya saa 24, mwaga.

Pakiti hakuna? Lita moja ya maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko 6 vya chai vya sukari. Vijiko vya kusawazisha, si vya kurundika. Chumvi ya Uvinza au ya dukani, kipimo hakibadiliki.

Akilegea, macho yakizama, akishindwa kunywa au akipata degedege, mpeleke zahanati au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mweleze mhudumu ulikoroga nini, kwa maji kiasi gani. Usifiche. Ubongo uliokwisha kuzoea chumvi nyingi, ukizimuliwa haraka, huvimba. Mhudumu asipojua, anaweza kukosea mwendo wa dripu.

Na wewe mwenye duka la dawa muhimu: usimkabidhi mama pakiti kimyakimya. Mwambie kipimo. Akurudishie kwa kinywa chake kabla hajaondoka.