Jina la chuo ni amana

KILA taasisi ya elimu ya juu inapopata kiwanja kipya pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, iwe upande wa Temeke au wa Kinondoni, huja siku ambayo viongozi wake hukaa kuamua kampasi hiyo iitweje. Aghalabu jambo hilo huachwa mpaka mwisho wa kikao, dakika chache kabla ya dua ya kufunga. Sisi tunaona ni jambo zito, kwani jina hilo ndilo watakalolitaja watoto wetu kila watakapoulizwa walisoma wapi, mpaka uzeeni.

Uislamu haukuyadharau majina. Qur'an Tukufu inatueleza katika Suratul Baqara kwamba Mwenyezi Mungu alimfundisha Nabii Adam (a.s.) majina ya vitu vyote. Naye Mtume Muhammad (s.a.w.) aliyabadili majina yenye maana mbaya akaweka yaliyo mazuri, na mji wa Yathrib ukawa Madina.

Ipo tabia moja inayotusikitisha. Wapo wazazi na viongozi wanaoona haya chuo kuitwa kwa jina la mtaa wa watu wa kawaida. Wanadhani shahada yenye jina la Mbagala, Tandika au Tandale itakuwa hafifu, hivyo hutafuta jina la mbali lenye kishindo. Huko ni kujidharau.

Tuangalie yaliyo karibu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la mjini, kikahamia kilimani mwaka 1964. Kampasi yake kuu imepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, lakini vinywani mwa watu ni "Mlimani" tu. Ng'ambo ya feri, Kigamboni, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Temeke, Chuo cha Kivukoni kilichofunguliwa mwaka 1961 kiligeuzwa mwaka 2005 kuwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Kwa hekima, jina la Kivukoni halikufutwa. Lilibaki kuwa jina la kampasi. Mlima na kivuko ni nini, kama si mahali pa kawaida kabisa? Heshima ya majina hayo imetokana na kazi iliyofanyika hapo.

Hatukatai jina la mtu. Chuo cha udaktari cha Mikocheni, wilayani Kinondoni, kilichoanza mwaka 1997, kilichukua jina la mwasisi wake, Profesa Hubert Kairuki, baada ya yeye kufariki dunia mwaka 1999. Chuo cha Chukwani, Zanzibar, kilichoanza mwaka 1998, leo kina jina la Dk. Abdulrahman Al-Sumait, daktari wa Kuwait aliyefariki mwaka 2013. Kwa wote wawili kazi ilitangulia, jina likafuata. Tunachokataa ni kuligeuza jina kuwa bidhaa, anunue mwenye fedha nyingi angali hai, ilhali bibi aliyetoa kiwanja chake kwa ajili ya Allah hatajwi popote.

Bibi Fatima al-Fihri, ambaye wanahistoria humtaja kuwa ndiye aliyejenga Al-Qarawiyyin mjini Fes, Morocco, mwaka 859 kwa mali ya urithi wake, hakuacha jina lake langoni. Jengo lilijulikana kwa watu wa Qayrawan, wahamiaji waliokaa mtaa ule. Mahali pale pangali panafundisha mpaka leo, naye hakusahauliwa.

Hata hivyo, jina peke yake si kinga. Mwaka 1951 kilifunguliwa Mombasa chuo cha ufundi cha Waislamu, maarufu kwa jina la MIOME, kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na wengineo. Mwaka 1966 neno "Waislamu" liliondoka katika jina lake, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Kufunguliwa kwa watu wote ni kheri, maana elimu haina ubaguzi. Lakini kijana anayeingia pale leo hataambiwa na lango lile ni nani waliochanga.

Basi nasaha zetu ni hizi. Wenyeji waulizwe kabla ya wafadhili, na kina mama wasiachwe nje ya kikao. Msaada upokelewe kwa shukrani, lakini jina lisiwe bei yake. Majina ya waliotoa ardhi na mali yaandikwe katika hati ya wakfu na katika historia ya chuo itakayosomwa na kila mwanafunzi mpya. Na kama kampasi iko Mbagala, iitwe Mbagala bila haya. Walimu na wanafunzi wake ndio watakaolipandisha jina hilo.

Wabillahi Tawfiq.