Udhanaishi haukuja na meli

Saa tisa usiku, usingizi umekatika. Feni inazunguka, mtaa mzima umelala, nami nasikia kikohozi cha baba chumba cha pili. Baba tulimzika miaka minne iliyopita.

Sasa niambieni, wahakiki wangu: na hiki kikohozi nimekiazima Ufaransa?

Nauliza kwa sababu nimechoka kusoma kwamba Kezilahabi aliiga tu. Kikitajwa Kichwamaji (1974), hakosekani wa kunyoosha kidole: huo udhanaishi ni ugonjwa wa Wazungu, Mwafrika ana jamii, upweke ataujulia wapi? Hivi hawa wamewahi kukesha? Msibani kwetu watu walijaa siku tatu, masufuria hayakutosha. Siku ya nne wakaondoka, nikabaki na viatu vya baba mlangoni. Jamii ilikuwepo, sikatai. Ila saa tisa usiku haipo.

Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alisoma vitabu vya Ulaya, ndiyo. Na Camus alizaliwa Algeria (bara lipi hilo?), mbona hamsemi aliwaiga Waafrika?

Kazimoto, mhusika wake, anajiua mwishoni. Hapo simfuati. Lakini swali linalomsumbua nalijua, nililisikia kwa mama, akikunja shati la baba ambalo hadi leo hataki kuligawa: "Sasa yote haya yalikuwa ya nini?"

Mama aliishia darasa la nne. Sartre hamjui. Shati bado lipo kabatini.