Moyo wa mtoto: Tiba imesogea, kuchelewa kungalipo

Kwa miaka mingi mzazi wa Dodoma, Kondoa au Singida aliyeambiwa kuwa mwanawe ana tundu kwenye moyo alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, nao ulikuwa mbali: rufaa ya nje ya nchi, aghalabu India. Foleni ilikuwa ndefu, na wapo waliofariki wakingali wanaingoja zamu yao.

Hali hiyo imebadilika. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Mwaka 2015 ikaanza kazi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) jijini Dar es Salaam, ambako watoto hupasuliwa hapa hapa nchini. Mwaka huo huo ikafunguliwa Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, ambayo nayo hutoa huduma za kibingwa za moyo. Na tangu 2024 treni ya umeme imeifanya safari ya Dodoma hadi Dar es Salaam kuwa ya takriban saa nne.

Kwa nini basi watoto wangali wanafikishwa hospitali moyo ukiwa umekwisha kuchoka? Jawabu ni kwamba pengo kubwa sasa haliko baina ya Tanzania na India. Liko baina ya nyumba na zahanati.

Maradhi mawili, dalili mbili

Maradhi ya kwanza mtoto huzaliwa nayo. Wataalamu hukadiria kuwa takriban mtoto mmoja katika kila 100 huzaliwa na kasoro ya moyo. Baadhi hupona zenyewe. Nyingine huua zikipuuzwa. Mama aangalie: mtoto huchoka akinyonya, hutoka jasho kichwani, hupumua kwa kasi, haongezeki uzito, huugua nimonia mara kwa mara, au midomo na ulimi hugeuka rangi ya buluu.

Maradhi ya pili hayazaliwi, huanzia kooni. Mafindofindo yatokanayo na bakteria yasipotibiwa huweza kuleta homa ya rumatiki, ambayo huvimbisha viungo, kisha huharibu milango ya moyo. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Hapa ndipo palipo na uchungu: penisilini, dawa ya bei nafuu, huweza kuzuia yote haya. Mtoto aliyekwisha kupatwa na homa hiyo huhitaji sindano kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, bila kukatiza.

Kuchelewa kunakotoka nyumbani

Mtoto anayekohoa na asiyekua, watu husema ana kimeo, akapelekwa kukatwa. Kimeo hakina uhusiano na moyo, na kisu kichafu humwongezea maradhi. Wengine husema amerogwa. Miezi ikapita kwa makombe na hirizi. Kisomo cha Qur'ani ni kheri, lakini Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha Waislamu kujitibu, akawafundisha kuwa kila ugonjwa umewekewa dawa yake. Dua na daktari havigombani.

Waama, elimu hii si ngeni kwetu. Katika karne ya 13 Miladia tabibu Ibn al-Nafis, aliyefanya kazi Cairo, alibainisha kuwa ukuta unaotenganisha pande mbili za moyo hauna tundu, na kwamba damu hupitia mapafuni. Mtoto mwenye tundu ni yule ambaye ukuta huo haukufunga. Tabibu huyo alipofariki mwaka 1288, nyumba yake na vitabu vyake aliviacha kwa hospitali ya Mansuri, iliyoendeshwa kwa mali ya wakfu.

Nani alipe nauli?

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, likiketi hapa hapa Dodoma. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini bima haikuwekwa ili kumlipia mama nauli kutoka kijijini, wala chakula cha watoto aliowaacha. Serikali nayo ina wajibu wake: kila zahanati iwe na penisilini, na kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, pamoja na mhudumu anayejua kuusikiliza moyo.

Taasisi ya Muntada Aid ya Uingereza imepata kuwaleta JKCI madaktari bingwa kuwatibu watoto. Ikiwa wageni huvuka bahari kwa ajili ya watoto wetu, je, msikiti wetu unashindwa kumfikisha mtoto mmoja Dodoma mjini? Mafakiri na masikini ndio wanaotajwa mwanzo katika aya ya 60 ya Surat At-Tawba, miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Mzazi fukara mwenye mtoto wa moyo ni miongoni mwao. Kamati za misikiti zitenge fungu maalumu kwa ajili hiyo. Na walimu wa madrasa, wanaowaona watoto kila siku, wamwarifu mzazi pindi wamwonapo mtoto anayeshindwa kukimbia na wenzake.

Kufikisha mapema hakumgharimu mtu kama kuzika. Tusingoje rangi ya midomo ibadilike ndipo tuulize njia ya hospitali.

Wabillahi Tawfiq.