Kutu ya Cherehani na Ndoo ya Magadi



Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume wetu (S.A.W.), alipokuwa nyumbani, alikuwa akishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Basi kukitengeneza kilichochakaa si dalili ya ufukara, bali ni mwendo mwema. Na kukitupa chenye manufaa ni israfu.

Twayasema haya kwa sababu ya swali la dada yetu aliyeolewa bara, huko Kaplong. Amerithi cherehani ya marehemu mamake, na kwa ushonaji huwalisha wanawe. Kikanyagio na gurudumu la chini vimeshikwa na kutu hata haviendi, naye ameshauriwa aviuze kwa kilo kama chuma chakavu. Asiuze kwanza.

Nchi ya chai ni nchi ya mvua. Kwetu pwani kuna pepo za chumvi. Kotekote, kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni penye unyevu. Umeme mdogo upitao majini waweza kuilegeza bila ya kukila chuma kilicho kizima.

Vitakiwavyo ni ndoo ya plastiki, chaja ya betri ya gari ya volti 12, kipande cha nondo kisichohitajiwa, na magadi, yale yale tuyatiayo katika maharagwe, yatokayo Ziwa Magadi katika Bonde la Ufa. Koroga kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4 za maji. Kitu chenye kutu kikwaruzwe mahali padogo, kifungwe waya wa hasi, kisha kizamishwe. Nondo ifungwe waya wa chanya, na kibanio chake kibaki juu ya maji. Viwili hivyo visigusane kabisa. Ukiwasha, mapovu yatapanda. Baada ya saa kadhaa, zima, ugeuze upande wa pili uelekee nondo, kisha uendelee. Mwisho sugua kwa brashi; weusi ulegeao ndio mabaki ya kutu.

Lakini ndoo hii yaweza kudhuru kuliko kutu yenyewe. Mapovu yatokayo kwenye kitu chenye kutu ni haidrojeni, nayo hulipuka. Kwa hiyo kazi ifanywe nje, mbali na jiko na sigara, na watoto wawe mbali. Usitie mkono majini kabla ya kuzima, wala usithubutu kutumia umeme wa ukutani moja kwa moja. Badala ya magadi usitie chumvi, kwani huweza kutoa klorini, hewa yenye sumu. Badala ya nondo usitumie chuma kisichoshika kutu, kama cha vijiko ving'aavyo: huacha majini kromiamu yenye sumu kali.

Tena si kila kipande kiingie ndooni. Mwili wa cherehani wenye rangi na nakshi za dhahabu usizamishwe, kwa sababu rangi itabanduka. Vipande vya alumini huliwa na magadi, na springi za chuma kigumu huweza kuwa dhaifu zikavunjika. Hivyo visafishwe kwa mafuta na kitambaa. Wala umeme haurudishi chuma kilichokwisha kuliwa: kipande kilichopasuka kitabaki kimepasuka, na hicho ndicho cha kumpelekea fundi.

Kikitoka majini, kioshwe, kikaushwe juani au karibu na joto, na kipakwe mafuta ya cherehani saa hiyo hiyo. Chuma kilichovuliwa kutu kiko uchi. Katika unyevu wa Kaplong au wa Lamu, kikilala usiku mmoja bila ya mafuta, asubuhi utakikuta kimekwisha kuwa chekundu tena.

Wabillahi tawfiq.