Friji Lililogeuzwa Nusura Livunje Ndoa ya Dada

Leo tuyaweke pembeni mambo ya mapenzi na viwalo, niwape kasheshe niliyoikuta Uingereza Januari iliyopita, kwa dada yangu anayeishi Leicester.

Nyumba yao ni ya kale hasa, ya enzi za Malkia Victoria, ukuta wa matofali matupu usio na uwazi katikati. Madirisha yanapitisha upepo utadhani uko kwenye pantoni ya Kigamboni. Basi shemeji akasikia kuwa England na Wales serikali inatoa ruzuku ya pauni 7,500 kwa anayeng'oa boila la gesi na kuweka pampu ya joto. Shemeji na vya bure! Akaita fundi, siku mbili kazi kwisha.

Pampu ya joto ndiyo dude gani? Ukipita uchochoro wa Kariakoo nyuma ya AC, si unapigwa na hewa ya moto? Hilo ni joto lililotolewa ofisini kwa bosi. Sasa igeuze mashine hiyo: inafyonza joto la hewa ya nje, hata kukiwa na barafu, inaliingiza ndani. Ikienda sawa, uniti moja ya umeme inakupa kama uniti tatu za joto.

Ikienda sawa, nimesema. Yule fundi hakupima hata chumba kimoja. Alifunga mashine mpya kwenye rejeta zilezile ndogo za ukutani. Boila lilikuwa likisukuma maji ya nyuzi 70. Pampu inapenda 45 hivi. Maji ya uvuguvugu, rejeta ndogo, nyumba inavuja: shemeji akawa analala na koti! Dada naye akihisi baridi anawasha, akitoka anazima. Bili ikapaa, maana uniti ya umeme kule ni ghali mara kadhaa kuliko ya gesi. Nilipofika, kila mmoja analala chumba chake.

"Mdogo wangu, mwambie shemeji yako anirudishie gesi yangu," dada akanipokea hivyo, hata viatu sijavua.

Ikabidi aitwe fundi wa pili, mama wa makamo. Huyo alipima kila chumba, akatandika sufi nene darini, akaziba nyufa za milango, akabadilisha rejeta nne kwa kubwa zaidi. Kuta akakataa zisipigwe saruji: tofali la zamani lazima lipumue, la sivyo unyevu unabaki ndani na ukungu unaota. Mwisho akamkataza dada kuwasha na kuzima ovyo. Mashine iachwe itembee polepole, usiku na mchana.

Naondoka, nyumba joto kila kona, na chumba cha wageni kimerudi kuwa changu. Dada bado anazishika rejeta na kuguna eti hazichomi. Na hela aliyokula fundi wa kwanza? Shemeji hataki izungumzwe mbele za watu, ndiyo maana naiandika huku Dar.