Waraka kwa Mafundi na Saidia Fundi: Jukwaa Liwe Ndani ya Bei

Kwa waashi, maseremala, wafunga nondo, wapiga rangi na saidia fundi wote wa tawi letu, Dar es Salaam.

Ndugu zangu,

Mtu akianguka saiti tunasema ameteleza. Mimi naamini wengi wetu huanza kuanguka siku ile tunapokaa na tajiri kupatana bei ya ufundi. Tunahesabu tofali, lenta na plasta, jukwaa hatulitaji. Ukuta ukishapita kichwa, tunaokoteza mirunda iliyobaki kwenye slabu, tunatandika ubao mmoja palipotaka mbao tatu, na waya tunaupiga fundo moja la haraka, kwa kuwa muda wa kufunga jukwaa hakuna anayeulipa.

Basi nawasihi: jukwaa liandikwe kwenye makubaliano kama kazi kamili yenye bei yake, yaani mirunda, mbao, misumari, waya, na siku ya watu watakaolifunga. Fundi anayekwenda kwa tajiri kwa mlango wa nyuma na kuahidi kujenga kwa bei ya chini bila jukwaa anauza shingo ya kibarua wake. Njaa ya mwezi usio na kazi naijua. Ndiyo maana nawaandikia wote kwa pamoja, maana fundi akidai peke yake, kesho yake nafasi ina mtu mwingine.

Msiidharau nyumba ya ghorofa moja. Anayeanguka kutoka mita 5 hufika chini kwa sekunde moja tu, kwa mwendo wa karibu kilomita 36 kwa saa. Nafasi ya kudaka kitu haipo.

Mkanda wa usalama nao una masharti. Ufungwe juu ya kichwa, kwenye nguzo au boriti inayoweza kuhimili mtu anayeporomoka, wala si kwenye mrunda uleule uliousimamia. Tena kamba ya mita 2 humshika mtu akiwa ameshateremka mita kadhaa. Kwenye ghorofa ya chini atapiga zege kabla haijamshika. Hapo kinga ni reli: moja usawa wa kiuno, nyingine katikati, na ubao wa pembeni chini, ili nyundo isimwangukie dada yetu anayepita na ndoo ya maji.

Matundu ya slabu yananitia hofu kuliko yote. Plaiwudi imelala juu ya tundu la lifti au la mabomba. Kijana aliyetumwa mbao anaiona, anaiinua kwa mikono miwili, inamkinga macho, anapiga hatua mbele. Kila kifuniko kipigiliwe misumari, na kiandikwe SHIMO kwa rangi nyekundu, herufi kubwa.

Ukiona jukwaa linayumba, shuka. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, umeandikwa kwa ajili ya sisi watu wa ujenzi. Unatambua haki ya mfanyakazi kujiondoa anapokuwa na sababu ya kuamini kwamba hatari kubwa imemkaribia, na unamtaka amwarifu msimamizi papo hapo. Msimamizi akifoka, gengi zima lishuke.

Mwenzetu akianguka, asibebwe mikono na miguu kupakiwa kwenye bajaji. Huenda uti wa mgongo umeumia, na kumkunja kunaweza kumpoozesha. Kichwa kishikwe kisigeuke, aachwe alivyolala mpaka wapatikane wanaojua kumbeba, isipokuwa kama kuna kitu kinachotaka kumporomokea.

Kuhusu fidia: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umekuwa ukilipa mafao tangu Julai 2016. Anayechangia ni mwajiri; kwenye ujira wako haikatwi hata senti. Kabla hamjashika mwiko, mwulizeni mkandarasi kama amejisajili, na majina yenu yaandikwe, ya vibarua yakiwemo. Ajali iandikwe siku hiyohiyo pamoja na majina ya walioiona, kwa sababu madai yana ukomo wa miezi 12.

Kila kiongozi wa gengi ausome waraka huu saiti Jumatatu asubuhi kabla mtu hajapanda, kisha alikague jukwaa fundo kwa fundo pamoja na aliyelifunga. Makubaliano yoyote mapya yatakayofika tawini bila bei ya jukwaa yatarudishwa kwa fundi akayapatane upya.

Katibu wa Tawi