Uyoga unaoteleza utupwe, usiuzwe

Kwa muuza uyoga wa jijini Mwanza, joto la mchana halisubiri mteja. Uyoga mbichi una maji mengi. Ukifungiwa kwenye plastiki hutokwa jasho na kuoza haraka. Ni vyema usioshwe kabla ya kuhifadhiwa, uwekwe kwenye mfuko wa karatasi ndani ya jokofu, na uliwe kabla ya wiki kwisha. Asiye na jokofu aukate vipande vyembamba na kuukausha siku hiyohiyo juu ya chanja safi, si mchangani kama dagaa wengi wa Ziwa Victoria wanavyoanikwa. Uyoga unaoteleza, wenye madoa meusi au unaonuka uvundo hauokolewi kwa kukaangwa. Hasara ya kilo moja ni nafuu kuliko mteja aliyeumwa tumbo na asirudi tena.